Filamu Ikifungiwa, Nani Huifungua Vizuri? Mapitio ya Bodi Nne

Bodi ya filamu ni ofisi ya huduma kama ofisi nyingine. Unapeleka ombi, unalipa ada, unasubiri, unapewa karatasi. Kwa hiyo inapimika kama huduma yoyote ile. Wengi huzipima bodi hizi kwa ukali, nani anafungia ovyo na nani amelegea, lakini kipimo hicho hakimfai msambazaji mwenye filamu mkononi na tarehe ya uzinduzi iliyokwisha kutangazwa. Yeye anataka kujua mambo matatu. Bodi ikikataa, je, inaandika kosa liko dakika ya ngapi na linavunja kifungu gani? Rufaa inakwenda kwa nani, na huyo anayeisikiliza ana uhusiano gani na aliyekataa? Na marufuku ikiondolewa, inaondolewa yote au anamegewa kipande?

Hapa zinapimwa bodi za Kenya, Afrika Kusini, India na Pakistan, kila moja kwa filamu iliyowahi kufungiwa kisha ikafunguliwa. Alama ni kati ya tano. Baada ya alama yapo mambo ya ufundi yanayoharibika hata pale mahakama imekupa kila ulichoomba, na kwa mtu wa kazi hiyo huenda yakawa na faida kuliko alama zenyewe.

Kenya: alama mbili

Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, inatumia Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru. Haki yake ipewe kwanza. Madaraja yake yanaeleweka: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16, na 18. Daraja hilo lina kazi hata nje ya ukumbi wa sinema, kwa kuwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku stesheni za runinga haziruhusiwi kurusha maudhui ya watu wazima. Kwa shughuli hii ya kila siku ya kubandika daraja, bodi ingestahili nne.

Kinachoishusha ni mengine. Sheria inadai karatasi mbili: leseni ya kupiga filamu, inayoombwa kwa kuwasilisha maelezo ya hadithi na skripti, na cheti cha idhini kabla ya kuionyesha hadharani. Watayarishaji wapya huzichanganya, wakadhani aliyeruhusiwa kupiga ameruhusiwa kuonyesha. Filamu ya Rafiki ya mwongozaji Wanuri Kahiu ilikuwa na leseni ya kupiga. Isitoshe, skripti uliyoipeleka hubaki kwenye faili. Mwongozaji akibuni tukio jipya siku ya kupiga, filamu iliyokamilika inakuwa na kitu ambacho bodi haikuwahi kukisoma, na hapo tayari kuna hoja dhidi yako kabla maadili hayajatajwa. Peleka skripti iliyorekebishwa pamoja na filamu, kurasa zilizobadilika zikiwa zimewekwa alama na tarehe. Ni kazi ya jioni moja, na ni wachache wanaoifanya.

Kisha kuna kifungu cha kukataa. Bodi inaweza kunyima idhini ikiona filamu inahatarisha utulivu, inavunja staha, au kwamba kwa sababu nyingine yoyote haifai kwa maslahi ya umma. Maneno hayo ya mwisho hayana chini wala juu. Huwezi kukata sekunde kumi ukayaridhisha, maana hayajaonyesha kidole sekunde yoyote.

Rafiki ilinasa papo hapo. Ni hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, na ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Bodi iliifungia Aprili 2018, wiki chache kabla ya tamasha, kwa maelezo kwamba inakusudia kuhalalisha usagaji kinyume cha sheria za nchi. Kwa mujibu wa mwongozaji, bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Tazama uzito wa ombi kama hilo kwa macho ya chumba cha uhariri. Kupunguza tukio ni kazi ya siku moja. Kubadilisha mwisho ni kuwaita waigizaji upya, kukodi kamera upya, kutafuta mahali palepale na mwanga uleule, na pengine kulipia muziki mwingine. Bodi inayoomba hivyo imeshatoka kwenye uainishaji, imeingia kwenye uandishi wa hadithi.

Namna marufuku ilivyolegezwa ndiyo sehemu ya kufunza. Septemba 21, 2018, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alitoa agizo la muda lililoisimamisha kwa siku saba, filamu ionyeshwe kwa watu wazima walio tayari kuitazama. Siku saba hizo zina asili yake. Kanuni za tuzo za Oscar kwa filamu za lugha ya kigeni zilitaka filamu iwe imeonyeshwa kibiashara nchini mwake siku saba mfululizo, na dirisha la msimu ule lilifungwa Septemba 30. Agizo lilitoka Ijumaa, maonyesho Nairobi yakaanza Jumapili ya tarehe 23, kumbi zikajaa. Kamati ya Kenya hatimaye iliteua filamu nyingine, Supa Modo, lakini hilo halikuwa la mahakama.

Kwa nini ombi lile lilipita? Kwa sababu lilikuwa jembamba na lilikuwa na tarehe. Jaji hakulazimika kuamua siku hiyo kama sheria nzima ni halali. Alilazimika kupima hasara isiyorudishika dhidi ya madhara ya wiki moja kwa watu wazima. Kesi kubwa, iliyotaka vifungu vyenyewe vitenguliwe, ilikwenda polepole, na Aprili 2020 Jaji James Makau akaitupilia mbali, walalamikaji wakabaki na ngazi ya rufaa. Anayekwenda mahakamani na filamu ayatenganishe mambo haya mawili tangu hati ya kwanza: ombi la dharura lenye tarehe ya mwisho iliyothibitishwa kwa barua, na kesi ya msingi inayoweza kuchukua miaka.

Jambo moja lisisahaulike kuhusu siku ya nane. Kuonyesha filamu isiyo na cheti ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Meneja wa ukumbi anayelijua hilo hushusha bango usiku wa siku ya saba bila kuambiwa, na hana kosa.

Afrika Kusini: alama nne

Hii ndiyo bodi yenye mlango wa rufaa unaofunguka. FPB, bodi ya filamu na machapisho ya nchi hiyo, inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Machapisho Namba 65 ya 1996, na daraja lake huja na herufi: S kwa ngono, V kwa ukatili, L kwa lugha, N kwa uchi, P kwa chuki na ubaguzi. Herufi hizi zina thamani kuliko zinavyoonekana. Ukipewa 16 LS unajua mara moja kwamba damu na ngumi hazikukugharimu kitu. Kilichokupandisha ni matusi na ngono. Ukitaka kushuka daraja, unajua pa kuweka mkasi.

Julai 2013 bodi hii ilifanya kituko. Of Good Report ya Jahmil X.T. Qubeka ilipangwa kufungua tamasha la filamu la Durban tarehe 18. Bodi ikakataa kuipa daraja, ikisema ina ponografia ya watoto, kwa kuwa mhusika mmoja ni mwanafunzi wa miaka 16 mwenye uhusiano na mwalimu wake. Mwigizaji wa nafasi hiyo alikuwa mtu mzima. Chini ya sheria ile, ponografia ya watoto ni jinai, kwa hiyo wakaguzi wakishaamua kwamba wameiona husimamisha filamu hapo hapo bila kuimaliza. Ndicho kilichotokea. Usiku wa ufunguzi, wageni waliokaa vitini walisoma kwenye skrini taarifa kwamba kuonyesha filamu ile kungekuwa kosa la jinai.

Jopo la rufaa lilitengua uamuzi tarehe 27 Julai, na filamu ikaonyeshwa kabla tamasha halijafungwa. Siku tisa kutoka skrini yenye taarifa mpaka kibali! Kasi hiyo ilitokana na mambo mawili. Kwanza, jopo ni chombo tofauti na wakaguzi, lina mamlaka ya kuitazama filamu yote upya. Pili, msingi wa kisheria ulikuwepo: mwaka 2003, katika kesi ya De Reuck, Mahakama ya Katiba ilikwisha kueleza kwamba picha ipimwe ndani ya kazi nzima, na iulizwe kama lengo lake, kwa macho ya mtu wa kawaida, ni kuamsha ashiki. Wakaguzi walioacha filamu njiani hawawezi kujibu swali la kazi nzima. Kwa anayeandika rufaa, hoja ya kwanza katika shauri la namna hii iwe ni dakika ngapi zilitazamwa.

Mbona basi si tano? Kwa sababu jopo lile lile linaweza kugeuka. Inxeba ya John Trengove, kuhusu mapenzi ya wanaume katika mazingira ya jando la Waxhosa, ilikuwa na daraja la 16 LS na tayari iko sinema tangu mwanzoni mwa Februari 2018. Viongozi wa jadi walilalamika, na katikati ya mwezi jopo la rufaa likaipandisha hadi X18, daraja la ponografia, ambalo huruhusu kuonyeshwa au kuuzwa mahali penye leseni maalumu ya maudhui ya ngono tu. Hakuna aliyetamka neno marufuku, lakini kumbi za kawaida ziliiondoa kana kwamba imefungiwa. Machi mahakama iliishusha kwa muda hadi 18, na Juni 27 Mahakama Kuu ya Pretoria ikautengua uamuzi wa jopo. Miezi minne na ushee, na kwa filamu iliyokuwa kwenye wiki yake ya pili ya kuuza tiketi, miezi minne ni maisha yake yote ya sinema.

Daraja lililopandishwa kupita kiasi ni marufuku iliyovaa suti. Unapokagua sheria ya bodi yoyote, tafuta daraja linalohitaji leseni ya ukumbi ambayo hakuna ukumbi wa kawaida unayo. Hapo ndipo filamu huzikwa bila kelele.

India: alama tatu

CBFC, bodi ya India ya kutoa vyeti vya filamu, ina ngazi nyingi kuliko zote. Filamu hupita kwa kamati ya ukaguzi. Ukipinga, inakwenda kamati ya marejeo. Zamani ukipinga tena ulikuwa na baraza maalumu la rufaa la filamu, FCAT, kabla ya kufika mahakamani. Baraza hilo lilivunjwa Aprili 2021. Sasa aliyekataliwa huenda moja kwa moja Mahakama Kuu, maana yake ada za mawakili na foleni ya kesi za ardhi na kodi. Mtayarishaji mkubwa wa Mumbai ataumudu mzigo huo. Mwenye filamu ndogo ya Kimalayalam atakubali kukata.

Kwa upande mwingine, India hukupa orodha ya makato, na orodha ni kitu cha kugombania. Udta Punjab ya Abhishek Chaubey, kuhusu dawa za kulevya katika jimbo la Punjab, ilidaiwa makato 13 na kamati ya marejeo Juni 2016. Kwa sababu madai yalikuwa yameorodheshwa moja moja, Mahakama Kuu ya Bombay iliweza kuyapitia moja moja. Juni 13 iliamuru kato moja tu, tukio la mhusika kukojoa mbele ya umati, pamoja na marekebisho ya tamko la mwanzo, na ikaipa bodi saa 48 kutoa cheti cha A, yaani cha watu wazima tu. Filamu ilitoka tarehe 17. Linganisha na "haifai kwa maslahi ya umma": jaji hana cha kupitia moja moja pale.

Kisha likaja balaa la aina nyingine. Siku mbili kabla ya uzinduzi, filamu ilivuja mtandaoni, na kopi iliyovuja ilikuwa na maandishi ya kuonyesha kwamba ni ya wakaguzi. Nani aliivujisha si kazi ya mapitio haya kuamua. Cha kuzingatia ni kwamba kila kopi unayoipeleka bodi, mahakamani au kwa wakili iwe na maandishi yake ya pekee, jina la mpokeaji na tarehe, yakipita juu ya picha na yakibadilisha nafasi kila dakika chache. Maandishi yaliyoganda kwenye kona moja hukatwa kwa kupunguza fremu. Na "kwa wakaguzi" peke yake haikuambii ni mkaguzi yupi.

Marekebisho ya mwaka 2023 yameleta nafuu mbili: daraja la UA, la watoto kwa uangalizi wa mzazi, limegawanywa kuwa 7+, 13+ na 16+, na cheti sasa hakina ukomo, ilhali zamani kilikuwa cha miaka kumi. Msambazaji wa filamu za zamani ndiye aliyeshukuru zaidi.

Pakistan: alama moja na nusu

Joyland ya Saim Sadiq, kuhusu mwanamume aliyeoa anayempenda mcheza dansi aliyebadili jinsia, ilipata tuzo ya jopo katika sehemu ya Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2022. Agosti mwaka huo ilipewa cheti nyumbani. Novemba 11, wiki moja kabla ya uzinduzi, Wizara ya Habari ikakifuta cheti kwa kutumia kifungu cha 9 cha amri ya filamu ya 1979. Waziri Mkuu akaunda kamati ya kuichunguza, na ndani ya siku tano ikaruhusiwa baada ya makato madogo. Siku moja kabla ya kuanza kuonyeshwa, serikali ya jimbo la Punjab ikaifungia kivyake.

Kasi ilikuwapo, hilo halikataliki. Lakini aliyefuta ni wizara, aliyechunguza ni kamati ya serikali ile ile, na cheti halali kiligeuka karatasi tupu kwa malalamiko ya watu waliokuwa hawajaitazama filamu. Kesi ya ngedere ikipelekwa kwa nyani, hata ikishinda haimwachii mtu amani. Nusu alama ni ya kasi. Alama moja ni kwa kuwa Karachi na Islamabad watu waliiona.

Suala la Punjab linamhusu kila msambazaji. Tangu mabadiliko ya katiba ya 2010, majimbo ya Pakistan yana mamlaka yao ya sinema, kwa hiyo kibali cha Islamabad hakifungui Lahore, mji mkuu wa Punjab ya Pakistan. Watu wa Tanzania wana mfano wao wa karibu: Bodi ya Filamu inayofanya kazi kwa Sheria Namba 4 ya 1976 ni ya Bara, na Zanzibar kuna BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Filamu iliyoruhusiwa Dar es Salaam haijaruhusiwa Unguja mpaka BASSFU waseme. Uliza swali la mipaka kabla ya kuchapa mabango.

Mkasi na kifurushi cha DCP

Tuseme umekubaliana na bodi: sekunde 42 zitoke na neno moja lizimwe. Hapa ndipo ushindi huharibikia mikononi.

Kopi ya sinema husafiri kama kifurushi cha DCP, yaani mafaili ya dijitali ya picha, sauti na manukuu, na kwa kawaida filamu hugawanywa katika reli, yaani sehemu, za dakika kumi na tano hadi ishirini. Huhitaji kutengeneza kifurushi kizima upya. Unatengeneza kifurushi cha nyongeza chenye vipande vilivyobadilika tu, pamoja na faili mpya ya CPL, ile orodha inayoiambia seva icheze nini na kwa mpangilio gani, ikirejelea vipande vya asili vilivyobaki. Faida yake ni ukubwa: gigabaiti chache badala ya mia na zaidi. Hatari yake ni kwamba kifurushi cha nyongeza hakichezi bila cha asili. Ukumbi ukikifuta kwenye seva yake wakati wa marufuku, na hufanya hivyo ili kupata nafasi, nyongeza yako itaingia vizuri kisha igome kucheza. Piga simu uulize kama kifurushi cha asili bado kipo kabla ya kutuma chochote.

Manukuu nayo hesabu yake ni ya reli kwa reli. Sekunde 42 zikitoka reli ya tatu, manukuu ya reli ya tatu baada ya kato yote yasogezwe nyuma sekunde 42. Reli ya nne haiguswi. Mhariri anayefanya kazi kwenye faili moja ndefu ya manukuu ya filamu nzima husogeza kila kitu mpaka mwisho, halafu anapoigawa tena katika reli mistari ya mipakani hupotea au hujirudia. Tazama dakika mbili za mwisho na dakika mbili za mwanzo za kila reli.

Sauti ni ngumu kuliko picha. Picha hukatwa safi pale tukio linapobadilika, lakini muziki na kelele za mtaani hupita juu ya mpaka huo. Ukikata vyote pamoja, muziki utaruka na kila mtu ukumbini atajua kuna kitu kimeondolewa. Unahitaji fundi wa sauti mwenye nyimbo, mazungumzo na kelele katika njia zao tofauti. Kuzima neno ni rahisi endapo mazungumzo yapo kwenye njia yake; kama unacho mchanganyiko wa mwisho peke yake, kuzima neno ni kuzima na mvua, magari na fidla pamoja nalo.

Baada ya mkasi, urefu wa filamu umebadilika, na cheti huandikwa kwa urefu. Filamu ya dakika 83 yenye cheti cha dakika 82 ni filamu isiyo na cheti. Jina la toleo kwenye CPL litofautiane wazi na la zamani, maana mwendesha mitambo akiona majina mawili yanayofanana huchagua la juu. Toleo lililokataliwa lihifadhiwe, lisifutwe. Ukikata rufaa baadaye, ndilo ushahidi.

Trela na bango ni maombi yao wenyewe. Mara nyingi tukio lililokatwa kwenye filamu bado limo kwenye trela, na bodi hulikuta YouTube.

Ukishapewa karatasi ya kufungua

Isome kama mkataba, mstari kwa mstari. Inafungua kwa nani: umma wote au watu wazima tu? Wapi: nchi nzima, jimbo, ukumbi mmoja? Kwa muda gani, na saa inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kusomwa kwa agizo au siku ya onyesho la kwanza? Toleo gani? Njia gani: sinema peke yake, au na runinga, na intaneti? Agizo lisilotaja intaneti lisichukuliwe kuwa limeiruhusu. Marufuku nyingi hugusa kuonyesha, kuuza, kusambaza na hata kumiliki, na agizo linaweza kuwa limefungulia kimoja tu kati ya hivyo.

Pata nakala za agizo zilizogongwa muhuri wa mahakama, moja kwa kila ukumbi, moja kwa wakili, na moja ya kubebwa na meneja wa usambazaji. Picha ya simu haimtoshi ofisa wa polisi aliyetumwa na mkubwa wake saa mbili usiku. Kama agizo linasema watu wazima, vitambulisho vikaguliwe mlangoni, kwenye tiketi za mtandaoni pia, kwa sababu picha ya kijana mmoja wa miaka 15 akitoka ukumbini ndiyo itakayowasilishwa kwenye shauri lijalo kuonyesha kwamba masharti yalipuuzwa.

La mwisho ni funguo. DCP iliyofungwa kwa usimbaji hufunguliwa na ufunguo wa KDM, ambao hutengenezwa kwa ajili ya seva moja tu na huwa na saa ya kuanza na saa ya kuisha. Funguo zilizotolewa kwa uzinduzi wa awali zitakuwa zimekwisha muda, kwa hiyo kila seva inahitaji mpya siku ile ile agizo linapotoka. Andikia maabara saa za Afrika Mashariki kwa maneno, usiandike tarakimu peke yake. Maabara ya London ikisoma "18:00" mwezi Septemba na kuichukulia kuwa saa yake, kwa Nairobi ufunguo utaanza kufanya kazi saa mbili usiku, na onyesho la saa moja la siku ya kwanza litakataa kuanza huku tiketi zote zimeuzwa.